Jicho la Mwalimu: Jinsi Matarajio Yanavyojenga au Kubomoa Ari ya Mwanafunzi

Wahenga walisema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii hupendwa sana katika ofisi za walimu. Kidato cha kwanza huwa hakijatimiza majuma matatu, na tayari mwalimu wa hisabati anaweza kukutajia wanafunzi watakaofaulu, yule aliye "mzito", na yule "asiye na lake". Mara nyingi husema kweli. Hata hivyo sayansi hutulazimisha kuuliza swali ambalo methali hiyo hailiulizi: mwalimu anapoiona nyota asubuhi, je, ameiona tu, au ameshiriki kuiwasha? Na yule aliyehesabiwa kuwa giza, je, alikuwa giza tangu mwanzo?

Shabaha ya makala haya ni kueleza jinsi yale anayoyatarajia mwalimu yanavyoweza kumfikia mwanafunzi, yakaingia katika namna anavyojithamini, na hatimaye yakaonekana katika alama zake. Tutaanza na jaribio mashuhuri lililoanzisha mjadala huu, tutapima uzito wa ushahidi wake, kisha tutalileta suala hili katika madarasa yetu, hasa ya shule za sekondari za kata zilizoko pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, na Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni.

UTABIRI UNAOJITIMIZA

Mwaka 1948 Robert Merton, mtaalamu wa sayansi ya jamii wa Marekani, alieleza jambo aliloliita utabiri unaojitimiza. Maana yake ni hii: dhana isiyo ya kweli, watu wakiisadiki, huwafanya watende kwa namna itakayoigeuza kuwa ya kweli. Tuchukue mfano wa sukari. Uvumi ukienea Tandika kwamba sukari itaadimika wiki ijayo, kila mtu atakwenda dukani kununua kilo tano badala ya moja. Ifikapo jioni sukari itakuwa imeadimika kweli, ingawa asubuhi ilikuwapo ya kutosha.

Je, jambo kama hilo laweza kutokea darasani? Robert Rosenthal, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, na Lenore Jacobson, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi katika jimbo la California, walianza kulichunguza mwaka 1964. Wanafunzi wa shule hiyo walipewa kipimo cha akili. Kisha walimu 18 wakaambiwa kwamba kipimo hicho kina uwezo wa kutambua watoto watakaochanua ghafula katika mwaka ule, nao wakapewa majina ya watoto hao, karibu mmoja katika kila watano. Ukweli ni kwamba majina hayo yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Tofauti kati ya watoto waliotajwa na wenzao ilikuwa katika mawazo ya walimu tu.

Mwaka wa masomo ulipokwisha, kipimo kilirudiwa. Katika darasa la kwanza, watoto waliotajwa walikuwa wamepanda kwa wastani wa pointi 27, na wenzao pointi 12. Katika darasa la pili, waliotajwa walipanda pointi 16.5 na wenzao pointi 7. Kuanzia darasa la tatu hadi la sita tofauti ilikuwa ndogo au haikuonekana. Matokeo haya yalitolewa katika kitabu mwaka 1968, yakavuma duniani kote.

TUPIME USHAHIDI

Mwanasayansi hasadiki jambo kwa sababu tu limevuma. Mwaka ule ule wa 1968, Robert Thorndike, bingwa wa vipimo vya akili, alionyesha kwamba kipimo kilichotumika hakikuwafaa watoto wadogo sana, na kwa hiyo pointi zile haziwezi kuaminiwa kikamilifu. Watafiti wengine walilirudia jaribio hilo. Baadhi yao walipata matokeo kama yale, na wengine hawakuyapata.

Mwaka 1984 Stephen Raudenbush aliyakusanya majaribio 18 ya aina hiyo, akaona utaratibu ambao wenzake hawakuuona. Pale walimu walipopewa habari za uongo kabla hawajawazoea wanafunzi wao, habari hizo zilifanya kazi. Pale walipokuwa wamekwisha kukaa na wanafunzi kwa zaidi ya majuma mawili, hazikufua dafu, kwa kuwa mwalimu aliamini macho yake kuliko karatasi ya mtafiti. Mwaka 2005 Lee Jussim na Kent Harber walipitia utafiti wa miaka 35, wakafikia hitimisho la tahadhari: athari ya matarajio ipo, lakini kwa kawaida ni ndogo, mwalimu hutabiri sawasawa mara nyingi kwa sababu anamfahamu mwanafunzi wake, lakini athari huweza kuwa kubwa zaidi kwa wanafunzi wa makundi yanayodharauliwa katika jamii.

Basi tusiseme kwamba mwalimu aweza kumfanya mtoto yeyote kuwa bingwa kwa kumwazia mema tu. Hilo halikuthibitishwa. Lililothibitishwa ni dogo zaidi, lakini ni zito: majuma ya mwanzo ya kufahamiana yana hatari yake, na anayedharauliwa nje ya shule ndiye anayeumia zaidi akidharauliwa ndani yake.

NJIA NNE ZA KUSAFIRIA

Wazo lililo kichwani mwa mwalimu haliwezi kuruka likaingia kichwani mwa mwanafunzi. Ni lazima lipite katika matendo. Rosenthal alizitaja njia nne.

Ya kwanza ni hali ya mapokezi. Kwa mwanafunzi anayemtumaini, mwalimu hutabasamu, humtazama usoni na humwita kwa jina lake. Mwingine huitwa "wewe wa nyuma".

Ya pili ni kiasi cha mafundisho. Anayetumainiwa hupewa maswali magumu zaidi na maelezo marefu zaidi. Asiyetumainiwa hupewa kazi ya kunakili ubaoni ili asisumbue.

Ya tatu ni nafasi ya kujibu. Mary Budd Rowe, aliyechunguza ufundishaji wa sayansi huko Marekani, aligundua kwamba baada ya kuuliza swali mwalimu husubiri kwa wastani wa sekunde moja tu, kisha humwendea mwingine au hujibu mwenyewe. Zaidi ya hayo, waliohesabiwa kuwa hodari walisubiriwa kwa muda mrefu kuliko waliohesabiwa kuwa dhaifu. Yaani anayehitaji muda zaidi ndiye aliyepewa muda mchache. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kuchangia.

Ya nne ni namna mwalimu anavyopokea jibu. Mwaka 1970 Jere Brophy na Thomas Good waliwachunguza walimu wanne wa darasa la kwanza. Mwanafunzi hodari alipokosea, mwalimu alielekea kulirudia swali kwa maneno mengine au kumpa kidokezo. Dhaifu alipokosea, mwalimu alielekea kumwacha na kusonga mbele. Na hata walipopata, hodari walisifiwa mara nyingi zaidi kwa kadiri ya majibu yao sahihi. Chanda chema huvikwa pete, lakini hapa pete hutolewa kabla chanda hakijatazamwa vizuri.

Walimu hao hawakuwa watu wabaya. Wengi wetu hutenda hivyo bila kujijua, na hasa tukiwa tumechoka.

YANAVYOINGIA NAFSINI

Mwanafunzi si ubao wa kuandikiwa. Huyasoma matendo ya mwalimu, huyapima, kisha huamua ajiwekee thamani gani. Hapo ndipo jambo hili linapogusa hamu yake ya kujifunza.

Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza mwaka 1977 kwamba mtu hujitahidi kwa kadiri anavyoamini kwamba jitihada yake itazaa. Imani hiyo hutoka katika vyanzo kadhaa, kama vile kuwaona wenzake wakifaulu na kuambiwa na watu anaowaheshimu kwamba anaweza. Lakini chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni yeye mwenyewe kuwahi kufaulu katika jambo gumu. Ndiyo maana sifa tupu hazitoshi. Mwanafunzi anayeambiwa "vizuri sana" kwa kazi ya kitoto hutambua upesi kwamba mwalimu hatarajii zaidi ya hapo.

Martin Covington wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alituonyesha upande mwingine. Katika shule ambayo alama ndizo kipimo cha utu, mwanafunzi aliyekata tamaa hujikinga kwa kuacha kujitahidi. Akisoma usiku kucha kisha akashindwa, watu watasema hana akili. Asiposoma akashindwa, aweza kusema, "Sikusoma tu." Uvivu huo ni ngao ya kulinda heshima yake. Mwalimu akiuona humwita mvivu, matarajio yake hushuka, na mwanafunzi huiinua ngao juu zaidi. Hivyo duara la utabiri hufungika, na kila upande una ushahidi wa kuulaumu mwingine.

JICHO LINAPODANGANYIKA

Sasa tuyatazame madarasa yetu. Mwalimu wa Mbagala au Bunju hapewi karatasi ya uongo na mtafiti yeyote. Lakini kuna mambo matatu yanayofanya kazi ya karatasi ile kila siku.

La kwanza ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha katika sekondari hukutana na fizikia, baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Tume ya Makweta, katika taarifa yake ya mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Katika mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia ulioanza mwaka 2002, watafiti kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Chuo Kikuu cha Oslo walionyesha jinsi darasa linalokaa kimya somo likiwa kwa Kiingereza linavyochangamka somo hilo hilo likifundishwa kwa Kiswahili. Nani basi atajua kama ukimya wa mwanafunzi ni ukosefu wa akili au ukosefu wa maneno?

Nakiri kwamba mimi sikujua. Kabla sijaenda ng'ambo kwa masomo ya udaktari nilifundisha fizikia katika shule moja ya Temeke. Kulikuwa na kijana wa kidato cha pili ambaye hakupata kunijibu swali hata moja, nami nilikwisha kuacha kumwuliza. Siku moja, wakati wa mapumziko, nilimsikia akiwaeleza wenzake kwa nini chombo cha chuma huelea ilhali msumari huzama. Alitumia mfano wa pantoni ya Kigamboni: magari yakiingia, hushuka kidogo majini, husukuma maji zaidi, na maji yale yaliyosukumwa ndiyo hupima uzito inaoweza kuubeba. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes, na aliieleza vizuri kuliko nilivyoieleza mimi asubuhi ile. Nilikuwa nimempima Kiingereza, nikamwandikia alama ya fizikia.

La pili ni safari ya kwenda shule. Mwanafunzi hulipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, na kila mkazi wa Dar es Salaam amewaona makondakta wakiwazuia wanafunzi mlangoni mwa daladala. Anayetoka Chamazi alfajiri aweza kuachwa na magari matatu kabla hajapata la kumchukua. Hufika darasani baada ya kipindi cha kwanza, amelowa jasho, kisha husinzia saa saba. Mwalimu huona mchelewaji na msinziaji. Hakuna katika mambo hayo mawili linalopima uwezo wa kufikiri.

La tatu ni jina la shule yenyewe. Kuanzia mwaka 2004, chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, shule nyingi zilifunguliwa katika kata, na watoto wengi ambao zamani wangeishia darasa la saba wakapata nafasi. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mitaani shule hizo zilipachikwa jina la dhihaka, "yeboyebo", kwa mfano wa viatu vya bei nafuu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mapema mwaka 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri, kabla ya matokeo hayo kufutwa na kupangwa upya. Na lawama nyingi zikaangukia shule za kata. Mtoto anayevaa sare ya shule iliyodhihakiwa huingia darasani akiwa amekwisha kusikia utabiri wake kituoni. Mwalimu aliyepangiwa shule hiyo huenda ameusikia pia.

JE, KUWAGAWA WANAFUNZI NI KOSA?

Baadhi ya wasomaji watauliza kama basi ni vibaya kuwapanga wanafunzi katika mikondo kwa uwezo wao. Ushahidi kutoka kwa jirani zetu unatuonya tusijibu haraka. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya jaribio katika shule 121 za msingi magharibi mwa Kenya, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Kila shule ilipewa mwalimu wa nyongeza, na darasa la kwanza likagawanywa sehemu mbili. Katika shule 60 watoto waligawanywa kwa alama zao. Katika shule 61 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, watoto wa shule zilizogawanya kwa alama walikuwa mbele, na hata wale wa kundi la chini walikuwa wamefaidika.

Je, hili linapingana na yale tuliyokwisha kusema? La. Watafiti walieleza kwamba faida ilitokana na mwalimu kuweza kufundisha kuanzia pale wanafunzi wake walipo. Kundi la chini halikutupwa. Lilipata mwalimu wake na mafundisho yaliyolifaa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mkondo wa mwisho katika shule yako ni msaada au ni jalala, tazama ni vipindi vingapi hufundishwa humo kwa kweli, ni nani hupangiwa kuufundisha, na kama kuna mlango wa kutoka kwenda mkondo mwingine.

YAWEZEKANAYO KATIKA DARASA LILILOJAA

Mwalimu mwenye wanafunzi themanini hawezi kumtendea kila mmoja kama mwanawe. Lakini njia nne tulizozitaja ni matendo madogo, na tendo dogo hubadilishika.

Andika namba za wanafunzi katika vipande vya karatasi, viweke ndani ya kopo, na uchague wa kujibu kwa kuvuta kipande. Kopo halina upendeleo. Ukikwisha kuuliza, hesabu moja hadi tatu kimoyomoyo kabla hujasema neno. Akikosea, mwulize tena kwa njia nyingine kabla hujamwendea mwenzake. Mruhusu kwanza alitoe wazo lake kwa Kiswahili, kisha darasa zima lisaidiane kuliweka katika Kiingereza cha mtihani. Usiulize habari za tabia na alama za zamani za wanafunzi wapya mpaka majuma mawili yapite. Na mchelewaji mwulize kwanza anapanda gari wapi.

Kuhusu kusahihisha, kuna jaribio la kufaa lililochapishwa na David Yeager na wenzake mwaka 2014. Wanafunzi 44 wa darasa la saba huko Marekani waliandika insha, nazo zikasahihishwa kwa ukali. Baadhi yao waliongezewa ujumbe mfupi wenye maana kwamba mwalimu amesahihisha hivyo kwa sababu anatarajia makubwa, naye anajua mwanafunzi anaweza kuyafikia. Miongoni mwa wanafunzi weusi waliopata ujumbe huo, asilimia 72 waliiandika upya insha yao; miongoni mwa wale wasioupata, ni asilimia 17 tu. Jaribio ni dogo, lakini linaafikiana na yale tuliyoyasema juu ya Bandura: ukali na tumaini vyaweza kukaa katika sentensi moja, na ukali usio na tumaini husomwa kama dharau. Ukiandika ujumbe kama huo kwa wanafunzi watano kila siku, darasa la themanini litakwisha katika siku kumi na sita za kazi.

Nawe mwanafunzi, usisome makala haya kama kibali cha kumlaumu mwalimu. Duara lile lina pande mbili, na upande mmoja uko mikononi mwako. Chagua swali moja gumu kila juma, lipiganie mpaka ulipate, kisha mwonyeshe mwalimu wako. Tulikwisha kuona kwamba mwalimu huamini macho yake kuliko karatasi. Mpe kitu cha kuona.

JARIBIO LA KUFANYA SHULENI

Mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma ya darasa lako kwa kipindi kimoja. Achore mpango wa madawati katika karatasi. Kila unapomwuliza mwanafunzi, atie alama katika dawati lake. Ukimpa nafasi ya pili baada ya kukosea, atie duara. Mwisho wa kipindi itazameni karatasi hiyo pamoja. Rudieni baada ya mwezi mmoja wa kutumia kopo, na mlinganishe karatasi mbili.

MASWALI

1. Kwa nini ilikuwa lazima majina ya wanafunzi katika jaribio la Rosenthal na Jacobson yachaguliwe kwa bahati nasibu?

2. Raudenbush aligundua nini kuhusu muda ambao mwalimu amekaa na wanafunzi wake? Jambo hilo lina maana gani kwa mwalimu wa kidato cha kwanza?

3. Eleza jinsi uvivu unavyoweza kuwa ngao. Je, umewahi kuitumia ngao hiyo?

4. Toa mifano miwili kutoka shule yako ambapo jambo lisilohusu akili hutumiwa kupima akili.

5. Jaribio la Kenya linaunga mkono kuwagawa wanafunzi kwa alama. Taja masharti ambayo, yasipokuwapo, usingependa ushahidi huo utumike katika shule yako.